Kabla ya kununua sili, osha gari kwa chini

"Bosi, gari yako inadondosha." Hakuna mwenye gari Dar es Salaam ambaye hajawahi kuambiwa hivyo na mlinzi wa maegesho, na wengi wetu jibu tunalo mdomoni: maji ya AC hayo. Mara nyingi ni kweli. Maji ya AC ni maangavu, hayana harufu, na yakikauka hayaachi alama. Kasheshe ni pale mtu anapoinama, akagusa, akakuta tone ni jekundu, linateleza kati ya vidole, na chini kwenye zege limeshaacha duara lisilofutika kwa ufagio.

Safari ya gereji huanzia hapo, na pesa nazo huanza kupotea hapo. Fundi anaingia uvunguni dakika mbili, anatoka na kidole kimelowa, anasema, "Bosi, hii ni sili tu." Sili inanunuliwa kwenye maduka ya Gerezani, inafungwa, gari linaondoka. Wiki ya pili tone limerudi palepale. Inanunuliwa sili nyingine, safari hii kwa maneno makali zaidi. Fundi si lazima awe amedanganya. Oili aliiona kwenye sili, na kweli ilikuwepo. Ila ilikuwa imetoka juu, ikatiririka ikapita hapo kwenye sili ikienda zake chini. Gari likiwa mwendoni, upepo huisukuma oili kuelekea nyuma. Ikikutana na kava la plastiki la chini hukusanyika humo na kuja kudondokea mahali pengine kabisa. Tone hukuonyesha lilipoangukia. Lilipotokea ni lazima ulitafute.

Magari yetu mengi ni otomatiki yaliyotembea Japani kabla ya kushushwa bandarini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Tanzania haina ukomo wa namna hiyo. Gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi, basi. Ndiyo maana si ajabu kukuta IST au Noah ya miaka 18 ikipeleka watoto shule kila asubuhi. Raba za ndani ya giaboksi ya gari la namna hiyo zimeishi na joto miaka yote hiyo, na raba ikizeeka hukakamaa. Sili iliyokakamaa haiwezi tena kuibana shafti inayozunguka. Kuvuja kwa umri huo si jambo la kushtua. Cha kushtua ni haraka tunayoifanya ya kununua kipuri kabla ya kujua kinachovuja ni nini.

Dalili ya kwanza ni rangi, na ndiyo inayopotosha watu wengi. Oili ya giaboksi otomatiki, ile inayoandikwa ATF kwenye kopo na ambayo mafundi huiita haidroliki, kwa kawaida ni nyekundu. Wekundu huo umetiwa kiwandani makusudi ili mtu asiichanganye na oili ya injini; kazi ya oili yenyewe hauiongezei chochote. Lakini baadhi ya oili za giaboksi za CVT, zile za mkanda na puli, ni za kijani au buluu. ATF iliyochoka hugeuka kahawia, ikizidi kuchoka inakuwa nyeusi. Na usukani wa haidroliki kwenye magari mengi nao hutumia ATF hiyohiyo, kwa hiyo wekundu ukionekana mbele ya gari, tazama kwanza mipira ya usukani kabla hujaisingizia giaboksi.

Halafu kuna kulanti. Toyota nyingi zinatumia kulanti ya rangi ya waridi, na juu ya zege lenye vumbi waridi na nyekundu havitofautiani. Tone hilo lidondoshe kwenye glasi ya maji: kulanti itayeyuka na kupotea, oili itaelea. Usiionje. Kulanti ina utamu na ni sumu, ndiyo maana dimbwi lake halifai kuachwa mahali penye watoto au paka. Kwa wenye magari ya manuali, oili ya gia ni nzito zaidi na ina harufu kali ya salfa. Ukiinusa mara moja hutaisahau. Hao wana dalili nyingine ya kuangalia: sili ya mbele ya giaboksi ya manuali ikivuja, oili inaweza kufika kwenye diski ya klachi, na klachi ikaanza kuteleza au kutetemeka hata kama ilibadilishwa juzi.

Sasa kuhusu kuosha. Giaboksi iliyopakwa oili na vumbi la miaka haiwezi kusema inavujia wapi, kwa sababu kote kumelowa. Ivulie kava la chini. Isafishe kwa sabuni ya kukata grisi na brashi, injini ikiwa imepoa, halafu isuuze bila kuelekeza mashine ya maji kwenye soketi za umeme wala kwenye tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi. Mafundi wengi wanapenda kusafishia petroli. Inasafisha kweli, lakini mimi siikubali hata kidogo uvunguni mwa gari ambalo muda mfupi uliopita lilikuwa barabarani. Ikikauka, chukua poda ya mtoto, ile ya dukani kwa Mangi, ipulize pande zote za giaboksi mpaka iwe nyeupe. Endesha gari nusu saa, kwenye foleni na kwenye mwendo. Rudi, lipandishe kwenye stendi au lipeleke kwenye shimo (jeki peke yake haitoshi, na tofali hupasuka bila kuaga), kisha mulika kwa tochi. Juu ya weupe ule oili inachora njia yake yenyewe. Ifuate kwenda juu na kwenda mbele. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye shauri.

Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, la friji au la televisheni. Kabla ya kwenda kulala andika "mbele" kwa kalamu upande unaotazama bampa, na chora mstari tairi la kushoto lilipo. Asubuhi unakuwa na ramani: unaweza kusema tone lilianguka umbali gani kutoka tairi, upande wa dereva au wa abiria, na likiwa moja au manne. Ramani hiyo mpelekee fundi. Mazungumzo yenu yatabadilika.

Wengi huuliza kwa nini gari halidondoshi likiwa linaunguruma, ila likilala usiku asubuhi kuna dimbwi. Injini ikiwaka, pampu ya giaboksi hunyanyua oili na kuisambaza kwenye toki konveta, kwenye bomba za kupoozea na kwenye njia zote za ndani. Injini ikizimwa, sehemu ya oili hiyo hushuka polepole na kurudi kwenye sampo, yaani karai la chini ya giaboksi, na kina chake kinapanda juu kuliko kilivyokuwa gari likitembea. Sili iliyokuwa juu ya oili mchana inajikuta imezama usiku. Kwa upande wa pili, bomba za kupoozea zina presha injini ikiwaka, kwa hiyo ufa wake huweza kumwaga vibaya mno barabarani na kutulia nyumbani. Wakati tone linapoonekana ni ushahidi sawa na mahali lilipo.

Chanzo chenyewe kinaweza kuwa kitu cha bei ya soda. Plagi ya kutolea oili iliyofungwa na washa ya zamani. Tundu la kupumulia lililoziba tope, presha ya ndani ikakosa pa kutokea na kuanza kuisukuma oili ipite kwenye sili ambazo hazina kosa lolote. Oili iliyojazwa kupita kiasi, ikafanya povu na kutokea kwenye tundu hilohilo, watu wakaiita uvujaji. Gasketi ya sampo ni kazi ya saa chache, mradi sampo yenyewe haijapigwa jiwe ikapinda. Na hapa fundi mwenye mkono mzito huharibu, kwa sababu bolti za sampo ni ndogo na zinataka kukazwa kwa nguvu kidogo, kwa zamu, bila kusaidiwa na bomba refu la spana. Ukizikaza kupita kiasi, bati linajikunja kati ya bolti na bolti, na oili inapata mlango mpya. Gamu ya silikoni nayo ipakwe kiasi, kwa gari linalohitaji. Inayozidi hujikamulia ndani, hukatika vipande na kwenda kuziba chujio.

Sili za shafti za magurudumu ndizo zinazoshutumiwa sana, na mara nyingi kwa haki. Ile ya toki konveta ndiyo ya gharama, maana giaboksi lazima ishushwe. Inapodondosha, oili hutokea pale injini inapoungana na giaboksi, na hapohapo ndipo sili ya nyuma ya krenki ya injini nayo hudondoshea. Usikubali giaboksi ishushwe kabla ya mtu kujibu swali moja: oili inayotoka hapo ni ya nani? Ikiwa ni oili ya injini, mnashusha giaboksi kwa ajili ya sili nyingine kabisa, na ni vizuri kujua mapema ili zote mbili zinunuliwe mara moja.

Kuna uvujaji usiodondosha kitu chini, na ndio ninaouogopa kuliko wote. Magari mengi ya otomatiki hupoza oili ya giaboksi kwa kuipitisha kwenye kijibomba kilicho ndani ya rejeta. Kijibomba hicho kikitoboka kwa kutu, oili na kulanti vinakutana. Fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, au vuta dipstiki ya giaboksi: ukikuta ujiuji wenye rangi ya yogati ya stroberi, zima gari na usiliwashe tena. Pleti za klachi za otomatiki zimebandikwa malighafi yenye asili ya karatasi, na maji na glaikoli vilivyomo kwenye kulanti huiloweka na kuyeyusha gundi inayoishika. Kubadilisha rejeta na kumwaga oili mara kadhaa kunaweza kuokoa giaboksi kama imegunduliwa siku hiyohiyo. Ikiwa imetembea hivyo wiki nzima, kinachofuata kwa kawaida ni kufumua giaboksi au kutafuta nyingine iliyotumika. Mtu aliyezoea kuweka maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti anaharakisha siku hiyo, kwa sababu kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na maji ya bomba hayana.

Tukija kwenye kupima kiwango, hapa ndipo penye fujo. Kwenye Toyota nyingi za zamani zenye dipstiki ya giaboksi, oili hupimwa gari likiwa limetembea na kupata moto, liko mahali tambarare, injini inaunguruma, gia imepitishwa taratibu kuanzia P hadi mwisho na kurudishwa P. Ndipo unavuta, unafuta, unarudisha, unavuta tena na kusoma alama ya "HOT". Honda nyingi hutaka kinyume chake: injini izimwe kwanza, kisha upime mara moja kabla oili haijatulia. Anayepima magari yote kwa mtindo mmoja atakosea kwenye baadhi yake, na kosa la kujaza kupita kiasi lina madhara kama la kupunguza.

Toyota nyingi zinazotumia oili ya WS hazina dipstiki. Watu wakiona hakuna pa kupimia huamini oili hiyo ni ya maisha. Pa kupimia papo: chini ya sampo kuna plagi yenye kijibomba ndani yake kinachosimama kwenye kimo halisi kinachotakiwa. Oili ikifikia joto la karibu nyuzi 40, injini ikiwa inaunguruma, plagi hufunguliwa. Oili ikichuruzika kidogo, imetosha. Isipotoka kitu, inaongezwa kupitia tundu la juu mpaka ichuruzike. Joto hilo lina sababu. Oili hutanuka ikipata moto, hivyo ukifungua ikiwa nyuzi 80 utamwaga inayohitajika, na ukifungua ya baridi utaacha iliyozidi. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto la giaboksi anakisia. Wapo wanaokisia vizuri, lakini ningependa kujua mapema kwamba tunakisia.

Na oili gani? Soma kitabu cha gari au maandishi kwenye dipstiki: T-IV, WS, DW-1, NS-3, na kadhalika. ATF haifanyi kazi ya kulainisha tu. Inapooza, inapeleka presha inayobadilisha gia, na ndiyo inayoamua pleti za klachi zishikane upesi kiasi gani bila kugonga. General Motors ilipoanza kuuza giaboksi yake ya Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, otomatiki ikaanza kuwa gari la raia wa kawaida, na kwa miongo iliyofuata ATF za Marekani zilichanganywa na mafuta ya nyangumi kwa ajili ya kazi hiyohiyo ya kushikanisha pleti. Nyangumi huyo alipowekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, mwaka 1970, wanakemia walilazimika kubuni mbadala. Oili iliyohitaji nyangumi ili giaboksi ishike vizuri si kitu cha kubadilishana na yoyote iliyopo kwenye rafu ya kituo cha mafuta. Kwenye CVT ndiyo usijaribu kabisa: mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili hutegemea oili yake maalumu usiteleze, na ukiteleza unazikwaruza puli. Kutia ATF ya kawaida humo kwa sababu "zote ni haidroliki" kumeua CVT nyingi kuliko sili zote za mjini. Hiyo ni hesabu yangu ya gereji, siyo ya maabara.

Dawa za kopo za kuzuia uvujaji zipo, na siwezi kusema zote ni utapeli. Nyingi hufanya raba ivimbe na kulainika kidogo, kwa hiyo sili iliyokakamaa inaweza kutulia kwa muda. Haziwezi kuziba bomba lililopasuka, bati lililopinda wala shafti iliyolika. Mwenye gari analotaka kulifikisha mwisho wa mwezi, naelewa kwa nini anazinunua. Anayetaka kutengeneza asianzie hapo.

Tuseme poda imeonyesha, na kweli ni sili ya shafti ya kulia. Oili inamwagwa, gurudumu na shafti vinatolewa, sili ya zamani inang'olewa. Omba uishike. Ni duara la chuma lenye raba, na kwa ndani kuna mdomo mwembamba uliozungushiwa kispringi chembamba kama uzi. Ukiubonyeza mdomo huo kwa kucha, wa sili mpya hurudi. Wa zamani hubaki ulivyo au hupasuka. Kisha pitisha kucha kwenye shafti pale mdomo unapogusa. Kucha ikikwama kwenye mfereji, sili mpya itakaa kwenye mfereji uleule na kuvuja kwa njia ileile. Itikise shafti juu na chini kabla haijatolewa. Ikicheza sana, beringi ndiyo mgonjwa na sili inaumia kwa ajili yake. Waliolinyanyua gari kwa spesa ili lipite kwenye mashimo waangalie pembe za shafti na hali ya buti zake za raba kwa makini zaidi. Sili za kulia na kushoto mara nyingi hazifanani kwa ukubwa, na nyingine zina vimistari kwenye mdomo vinavyotaka mzunguko wa upande mmoja tu, kwa hiyo "inaingia" haimaanishi ndiyo yenyewe. Inapofungwa, mdomo upakwe oili, na igongwe sawasawa kuzunguka kwa kipande cha bomba chenye upana wake. Bisibisi na nyundo upande mmoja huikunja, na umenunua safari ya pili.

Je, unaweza kuendelea kutembea na gari linalodondosha? Tupige hesabu. Matone 20 hadi 30 ya oili hufanya mililita 1. Gari linalodondosha tone moja kila dakika kumi likiwa limeegeshwa linapoteza matone 144 kwa siku, yaani mililita 5 hadi 7. Lita 1 itachukua karibu miezi mitano au zaidi. Hilo lina nafasi ya kusubiri mshahara, mradi kiwango kinapimwa. Linalotapika kwenye bomba lenye presha halina nafasi hiyo, maana lita 1 inaweza kuisha kati ya Mbezi na mjini. Ukiweka D gari likachelewa kuondoka, injini ikapiga kelele bila mwendo kuongezeka, pampu ikalia mluzi, au ukasikia harufu ya kuungua, simama. Oili iliyopungua huifanya pampu imeze hewa, presha inashuka, pleti zinateleza, na zikiteleza zinaungua kwa dakika. Ikidondokea kwenye eksozi yenye moto, huanza na moshi na inaweza kuishia na gari zima.

Na usivutwe kwa kamba. Kwenye otomatiki nyingi pampu ya oili inaendeshwa na injini, hivyo injini ikiwa imezimwa magurudumu yanayozungushwa yanasaga giaboksi kavu. Gari la kuvuta magurudumu ya mbele livutwe huku ya mbele yakiwa yamenyanyuliwa, au libebwe lote. Bei ya winchi inauma, lakini bado iko chini sana ya bei ya giaboksi.

Oili iliyomwagwa ina wateja wake: mafundi seremala na wajenzi huichukua kupaka mbao na nguzo zisiliwe na mchwa. Isimwagwe tu kwenye mtaro wa mvua, kwa sababu mitaro ya Dar inaishia baharini.

Mwisho, kwa wanaotafuta gari la mkononi. Kuosha kule kunakomsaidia mwenye gari kujua panapovuja ndiko kunakomsaidia muuzaji kupaficha. Ukifungua boneti ukakuta injini inang'aa na giaboksi haina hata chembe ya vumbi, usishangilie wala usigombane naye. Mwambie mwende barabarani nusu saa, mpite kwenye foleni, mrudi, mkae mnywe chai huku gari likipoa. Baada ya hapo chukua tochi uingie uvunguni, na kama anasema ana haraka, mwambie arudi kesho na gari likiwa bado halijaoshwa.